Faini ya Kumuaga Baba

Barabara ya Dixon,
Toronto.
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwako Baba yangu, Mzee Ramadhani,

Shikamoo Baba. Assalaam alaykum warahmatullah. Barua hii ikukute umeketi kwenye kiti chako cha kamba, kifua hakikubani, na magoti yamekubali kukupeleka msikitini na kukurudisha bila kelele. Hilo ndilo ninaloliomba kila ninapoinua mikono. La pili ninaloomba ni kwamba Rajabu awe anakupikia uji mzito, maana namjua kaka yangu na mkono wake mfupi kwenye unga.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Theluji uliyoikimbia imefika, na mlango wa ile balkoni ulipokuwa ukikaa asubuhi na kikombe chako sasa haufunguki kwa barafu. Mwanangu Samira ameng'oka meno ya mbele na anajiona mtu mzima. Mkweo Seif bado yuko kwenye ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, zamu ni zilezile za kubadilikabadilika mpaka mtu hajui alale wakati gani. Mimi tumbo limenitangulia, hata kazini wamenionea huruma. Sisukumi tena yale makabati ya trei za chakula cha ndege. Nimekalishwa mezani nafunga kisu na uma ndani ya kitambaa, kutwa nzima, na mjukuu wako anapiga mateke kama anayedai mshahara wake.

Sasa Baba, nisizungushe maneno. Najua umeipokea barua hii ukashangaa, kwa sababu siku hizi watu hatuandikiani. Nimeandika kwa sababu simu umeikataa. Kila Ijumaa nikipiga, unaitikia shikamoo yangu, unaniambia, "Sisi salama, mwanangu," halafu masikio yanakusumbua ghafla na simu inakwenda kwa Rajabu. Masikio yako nayajua mimi. Ndiyo yaliyokuwa yakinisikia nikifungua kopo la sukari jikoni, na wewe uko uani unazungumza na wageni.

Nilimbana Rajabu mpaka akasema. Ameniambia pasipoti yako umempa yeye aifungie, kwamba huna safari tena. Na ameniambia ulisema hivi: mzee akienda kutembelea watoto akawaachia faini, huyo si mgeni, ni hasara. Baba, nililia. Nililia ndani ya basi natoka kazini, mama mmoja wa Kihindi akanipa karatasi ya kufutia pua bila kuniuliza kitu. Niliumia kwamba neno kama hilo limetoka kinywani mwako, na umelisema juu yako mwenyewe.

Kwa hiyo nataka nikueleze habari ya faini ile tangu mwanzo mpaka ilipoishia. Wewe umesikia kipande tu, na kipande chenyewe umekisikia kwa mtoto. Siku yenyewe ulikuwepo, lakini nivumilie niisimulie, maana naona unavyoikumbuka wewe sivyo ilivyokuwa.

Siku ya safari yako uliamka alfajiri ukaswali, ukavaa koti, ukaenda kukaa mlangoni juu ya begi. Ndege ilikuwa ya usiku. Seif alikueleza, nami nikakueleza, lakini wewe umekula mshahara wa reli maisha yako yote, gadi wa treni mwenye filimbi na bendera, na kwako abiria anayefika kwa wakati huyo amechelewa. "Treni haimsubiri sultani," ukasema, na koti hukulivua. Basi tukatoka nyumbani mapema mno, mapema hata huko uwanjani wangetushangaa. Ndiyo sababu Seif akasema tupite Malton, jirani na uwanja, tule kwanza, kuna mgahawa wanapika pilau ya kueleweka. Ukitafuta chanzo cha kuchelewa kwetu, chanzo ni kuwahi.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikukwambia. Pale uwanja wa ndege, mlangoni pa kushushia wasafiri, hawakuachi usimame. Unamshusha mtu na begi lake, na papo hapo mwenye koti la kung'aa anakupungia mkono uondoke. Nilishawahi kumpeleka rafiki pale, tukaagana kama watu wanaorushiana mzigo. Nikasema moyoni kwamba wewe sitakuaga hivyo. Nilitaka tukuage mahali penye kiti.

Lile eneo la maduka la Malton lina maegesho yake, nayo ni mali ya mtu, si ya serikali. Nguzoni kuna bango kwamba mteja ana ruhusa ya masaa mawili, na kamera inapiga picha namba ya gari likiingia na likitoka. Seif alilisoma bango akasema, "Yatatutosha, hata tukitafuna na mifupa." Na kweli yalitutosha. Tulikula tukashiba, ukanawa, ukatazama saa yako, ukasema haya. Tukasimama sote na makoti yetu.

Pale kaunta ukashukuru kwa Kiswahili. Ulimwambia yule binti wa kupokea pesa kwamba pilau yao nzuri, ila Tabora wangeimalizia na asali. Binti hakuelewa hata neno. Lakini nyuma jikoni akatoka mzee mwenye mvi na aproni, anajifuta mikono.

"Nani ametaja Tabora?"

"Mimi," ukasema.

"Tabora ipi?"

"Iko moja tu, mzee mwenzangu."

"Mimi nimezaliwa pale. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa, karibu na stesheni."

Ukamtazama vizuri. "Lenye milango ya kijani?"

"Ya kijani," akasema, akaacha kujifuta mikono. "Wewe umelijuaje?"

"Khanga za posa ya mke wangu nilizinunua hapo. Baba yako alinikopesha doti moja, akasema nitalipa treni ikirudi kutoka Kigoma."

Baba, mimi habari ya khanga zile sikuwa naijua. Mama ametangulia mbele ya haki sijawahi kuisikia, wala kwake wala kwako. Nilisimama pale na pochi mkononi, naambiwa habari za mama yangu akiwa msichana, Malton, mbele ya friji la soda. Mzee Nizar, maana ndilo jina lake, Mhindi wa Ismailia, akavuta kiti akakaa katikati ya mgahawa wake mwenyewe. Chai ikaja bila kuagizwa. Nani angesema asante sisi tuna haraka?

Mlipomaliza chai ukasema tuondoke. Kwetu sisi neno hilo ni mwanzo wa kuondoka, si kuondoka kwenyewe. Mkaagana mmekaa. Mkaagana mmesimama. Mkaagana mlangoni, mkarudi ndani kwa sababu Mzee Nizar amekumbuka jina la yule aliyekuwa akiuza mafuta ya taa. Kisha akasema hawezi kumwacha mtu wa Tabora aende peke yake mpaka kwenye gari, akatoka na aproni yake kwenye upepo ule. Garini mkaagana upya. Wewe ulikuwa ukisema, "Haya, tuondoke, tutachelewa," na mkono wake umeushika hukuuachia. Seif aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena.

Halafu ukasema tusome dua. Nani atakatiza dua kwa sababu ya bango? Ulituombea mmoja mmoja kwa jina, na Mzee Nizar ukamwombea, naye akaitikia amin. Ukaliombea na hili tumbo langu, ambalo wakati ule halijaonekana, ukasema mtoto akizaliwa utakuja mwenyewe umwadhinie sikioni. Nilikuwa nimeshika mkono wa koti lako. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo pale, na machozi yananitoka.

Na ndege hukuikosa. Ulifika ukakaa kusubiri mpaka ukachoka, ulinipigia mwenyewe ukaniambia.

Wiki kadhaa zikapita, ikaja bahasha. Ndani mna picha za gari letu, moja likiingia na moja likitoka, na maneno mekundu kwamba tumekiuka masharti ya maegesho, tulipe. Karatasi yenyewe imepambwa na nembo utadhani ya polisi. Polisi hawamo wala serikali haimo, ni kampuni tu iliyopewa kazi na mwenye eneo, lakini imeandikwa kwa namna ya kukutisha. Tulikuwa bado tunaishangaa, ukapiga simu ya video, na Samira akaidaka.

Unamjua mjukuu wako. Kiswahili anakielewa chote, lakini kukisema ni mpaka awe na raha, na akisema hachagui maneno. Akakwambia, "Babu, umetuletea faini. Kamera ilikuona." Kwake lilikuwa jambo la sifa, babu yake kuonekana na kamera. Ulicheka, nilikuona. Kisha ukaacha kucheka, ukauliza, "Ni kule kwa Nizar?" Seif akajibu haraka mno kwamba hapana, ni mambo madogo tu, Baba. Na wewe umekagua tiketi za watu miaka mingi, unamjua mtu anayeficha. Tangu jioni ile ndipo masikio yalipoanza kuuma.

Ndani ya nyumba yetu pakawa na pande mbili. Seif anasema tulipe yaishe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, anasema. Hawa wana watu wa kufuatilia madeni, watatupigia mpaka kazini, na jina litachafuka benki wakati tunatafuta nyumba yenye chumba cha mtoto. Mimi nasema silipi. Kulipa ni kukubali, na nikikubali nimetia sahihi kwamba baba yangu ni mkosaji. Tulinuniana, Baba. Si ugomvi wa kugombana, ni ule wa kupitishiana chumvi bila kutazamana.

Nikaanza kuuliza watu, na kila niliyemwonyesha ile karatasi alikuwa na lake. Kijana Mkenya wa ghorofa ya juu akaniambia kwenye lifti, "Mathee, hiyo achana nayo. Hao hawana kitu watado." Yaani hawana la kunifanya. Mama mmoja Mkongo tunayekutana naye kwenye mashine za kufulia akatikisa kichwa. "Lipa tu, mama, ulale na amani. Watu ya biro hawachoki." Kwao biro ni ofisi, hizi za kudai madeni. Nikarudi chumbani na kapu la nguo na shauri lilelile nililotoka nalo.

Nikaamua kupinga. Wana mahali mtandaoni pa kukata rufaa, wanakuuliza sababu, na wanakuwekea za kuchagua. Gari liliharibika. Uliugua. Ulilipa mashine ikakosea. Gari si lako. Na ya mwisho kabisa, nyinginezo. Seif alikuwa amesimama nyuma yangu ana soksi mkononi.

"Weka gari liligoma kuwaka," akasema. "Kwa gari letu lilivyo, hata si uongo sana."

Nilicheka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye wiki ile. Lakini sikuweka. Ningeandika gari liligoma, basi wewe hukuwepo pale. Mzee Nizar hakuwepo, dua haikuwepo, na khanga za Mama hazikununuliwa. Nisingeweza kukukana hivyo kwa ajili ya faini. Nikachagua nyinginezo, nikaandika: Tulikuwa tunamuaga baba yangu.

Baada ya siku chache akanipigia msichana wa kampuni. Hakuwa mkali. Ni mtoto wa watu tu yuko kazini, na nyuma yake nasikia wenzake wanaongea.

"Hapa umeandika mlikuwa mnaagana."

"Ndiyo."

"Baada ya kumaliza kula."

"Baada ya kula. Kwanza mezani, kisha mlangoni, kisha kwenye gari."

Nikasikia anaandika. "Na huyo mliyemuaga alibaki mgahawani?"

"Hapana, alikuwa ndani ya gari letu. Tulikuwa tunampeleka uwanja wa ndege."

"Sasa kama mlikuwa mnakwenda naye, mlikuwa mnaagana ya nini?"

Baba, ningemweleza nini? Kwamba kwetu mtu huagwa tangu usiku wa kuamkia safari, na kwamba aliye karibu kwenda ndiye anayeshikwa mkono zaidi? Nikamwambia ndivyo tunavyofanya. Akasema anasikitika, sababu hiyo hawana pa kuiweka, ila ninayo nafasi ya kupeleka rufaa ya pili nikiwa na ushahidi.

Sikukata tamaa, unanijua. Siku ya mapumziko nikapanda basi mpaka Malton nikamwonyesha Mzee Nizar ile karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akaegemea kaunta. Kumbe pale kaunta ana kimashine cha kuingizia namba za magari ya wageni wake, na ukishaingizwa kamera haina habari na wewe, kaa mpaka kesho. Kila mteja anayechelewa humwingiza.

"Ninyi sikuwaingiza," akasema. "Nilikuwa na mgeni wa Tabora, nikasahau kama nina duka."

Akasema faini hiyo ni yake. Nikasema ni yetu. Akasema yeye ndiye mwenyeji na yeye ndiye aliyemchelewesha mzee. Nikasema mzee ni wangu. Tulishindana hivyo mbele ya watu waliokuja kuchukua sambusa zao, mpaka yule binti wa kaunta akatutoa pembeni. Mwishowe akaniandikia barua kwa mkono wake, kwamba sisi tulikuwa wageni wake na kosa la kutokuingiza namba ni la kwake. Ushahidi wenyewe huo. Nilirudi kwenye basi nimeikumbatia, nina hakika safari hii tunawashinda.

Jioni Seif aliporudi kutoka kazini nikamsomea barua ya Mzee Nizar, na chini yake rufaa yangu mpya, ambayo niliiandika kwa uchungu na haikuwa fupi. Alikaa kwenye kochi na viatu vyake vya kazi, hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Unagombania nini hasa, Mwaju?"

"Heshima ya Baba."

"Nani ameigusa heshima ya Baba?"

Nikamwonyesha tena ile karatasi. Akaanza kufungua kamba za viatu, na hakunitazama tena. Unajua kwamba baba yake alifariki Ujiji wakati Seif anasubiri makaratasi ya hapa, angetoka asingeweza kurudi, akakaa matanga kwenye simu. Lakini mimi mkewe sikuwahi kumsikia anaongelea siku aliyoondoka kwao. Safari hii aliongea. Alisema mzee wake alimsindikiza asubuhi mpaka stendi, na basi lilikuwa linanguruma, kondakta anapiga ubavu wa basi kwamba twende. Seif akarukia ndani. Mzee akamfuata dirishani, akampa mkono, akaanza kusema kitu. Seif akamwambia, "Nitakupigia nikifika, Baba." Basi likaondoka. Alichotaka kusema mzee hakukijua, na alipompigia, mzee akasema ameshasahau.

"Mimi sikuwa naogopa benki," akasema. "Benki niliisingizia. Ila kila ukinionyesha ile karatasi nawaza: wangeniletea mimi bahasha kama hii, ina saa niliyoingia na saa niliyotoka, wakasema huu ndio muda uliozidisha ukimuaga mzee wako, lipia. Ningelipa, na ningewashukuru. Wewe muda huo umepewa. Halafu unataka uende ukawaambie haukuzidi?"

Baba, niliweka karatasi zote chini nikaenda kukaa naye. Nilimsaidia kuvua kiatu cha pili, na tumbo hili linanizuia kuinama, ikawa kazi ya watu wawili. Kununiana kwetu kuliishia hapo.

Asubuhi yake nikalipa. Rufaa ningeshinda, naamini hivyo mpaka sasa, lakini sikutaka tena kushinda. Mzee Nizar nilipomwambia alikasirika hasa. Alitulia pale tu tulipokubali kwenda kula kwake sisi sote bila kutoa hata senti, na safari hiyo namba ya gari aliiingiza kabla hatujavua makoti. Anakusalimu sana. Anauliza yale majengo ya nyuma ya stesheni kama bado yapo, nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, Baba, na masikio yasikusumbue. Sikulipa kwa sababu ulikosa. Nimelipa kama mtu anavyolipia kitu alichokipenda. Kama mwenye bango angekuja siku ile akaniambia, mama, kusimama hapa na baba yako kunalipiwa, ningetoa pesa palepale nikamwomba atuongezee. Wewe hukutuachia hasara. Ulituachia dua zenye majina yetu, ukaniachia na mama yangu akiwa msichana wa khanga za mkopo. Nani aliwahi kuletewa na mgeni vitu kama hivyo? Na ulipokuwa hapa ulikuwa ukisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ukakosa jembe kwenye ghorofa ukaanza kuosha vyombo vyetu vyote. Samira mpaka leo anauliza kwa nini vikombe vya Babu vilikuwa vinang'aa.

Sasa kuna jambo moja ambalo halina rufaa. Mtoto huyu anatarajiwa barafu ikianza kuyeyuka. Samira alipozaliwa, Seif ndiye aliyemwadhinia, na sauti ilimkatika katikati kwa sababu hakukuwa na mzee hata mmoja chumbani. Safari hii amekataa kabisa. Amesema, "Mwenye kuadhini yuko Tabora, na ameahidi mbele ya mashahidi. Mimi nitafungua mlango tu." Nimembembeleza, hasikii. Sasa ukikataa kuja, mjukuu wako atakaa anakusubiri, na kumsubirisha mtoto mchanga si tabia ya mtu wa reli. Mwambie Rajabu atoe hiyo pasipoti alikoifungia. Nakuhitaji, Baba. Nina mume mwema na kazi na nyumba yenye joto, na bado nakuhitaji.

Barua hii ameibeba dada mmoja muuguzi anayekuja likizo, ataifikisha Dar es Salaam na kuipakia kwenye basi la Tabora. Nisalimie kaka Rajabu, na mkewe shemeji Zainabu ambaye najua ndiye anayeutia uji unga Rajabu akigeuka. Nisalimie shangazi Tausi aliyenifunda, mwambie mafunzo yake juu ya waume wanaonuna yamenisaidia. Mpe salamu jirani yetu Mama Hadija anayekuletea maziwa, na Maalimu wa msikitini, aniombee nijifungue salama. Watoto wa kaka wabusu wote, nao wasikuibie sukari kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Ijumaa nitapiga simu. Usimpe Rajabu.

Na siku tutakayokusindikiza tena, Baba, tutachelewa tena, na tutalipa tena.

Mimi binti yako akupendaye,
Mwajuma